Carl Peters na Msamaha wa Serikali Yake

Katika ukurasa huu huwa tunawaletea maisha ya watu wa kuigwa. Mara hii tumemchagua mtu asiyefaa kuigwa hata kidogo. Sababu ni swali tulilokwisha kuulizwa na wazee kwa vijana: je, yafaa serikali ipatane na wale washikao imani ya kwamba watu wa rangi yao wameumbwa kuwatawala wengine? Sisi wa Chekereni tukiinua macho kutoka kwenye majaruba ya mpunga twautazama mlima, na kule juu, Marangu, ndiko jambo hili lilikopata mfano wake.

Carl Peters alizaliwa tarehe 27 Septemba 1856 huko Neuhaus, Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Alisoma historia hata akapata udaktari, kisha akakaa London kwa mjomba wake, akaona utajiri ambao Waingereza waliupata katika makoloni. Mwaka 1884 aliunda chama cha kutafuta makoloni, na mwishoni mwa mwaka ule akapita Useguha, Nguru, Usagara na Ukami akiwatilisha watu sahihi kwenye mikataba ya lugha wasiyoijua. Hayo watoto wetu huyasoma shuleni, tusiyarefushe.

Mwaka 1891 alirudi akiwa Kamishna wa Kaisari wa Kilimanjaro, akafanya makao Marangu kwa Mangi Marealle. Aliamini kwamba mwenye nguvu ana haki juu ya mnyonge, wala hakuficha imani hiyo. Oktoba mwaka huo aliamuru mtumishi wake, kijana aitwaye Mabruk, anyongwe. Kosa lililotajwa lilikuwa wizi. Januari 1892 ikawa zamu ya Jagodja, binti aliyekuwa amewekwa nyumbani mwake. Binti huyo alitoroka, akarudishwa, akachapwa viboko, kisha akanyongwa naye. Peters alidai kwamba hukumu zake zilikuwa za haki. Wengi waliona ni wivu tu, kwa kuwa ilisemekana wawili hao walikuwa wakipendana. Huku kwetu historia imemwita Mkono wa Damu.

Machi 1896 mbunge August Bebel aliyafichua mambo hayo katika Bunge la Ujerumani. Hapa tuseme kweli, hata kama haipendezi: Bebel alitaja pia barua ambayo Peters eti alimwandikia Askofu Tucker wa Kanisa letu, ambaye wamisionari wake walikuwa Moshi siku zile, akikiri makosa yake. Barua hiyo haikuthibitishwa kamwe, na watetezi wa Peters wakaishikilia kama ngao. Lakini vifo viwili vilikuwa vya kweli pasipo barua yoyote. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimfukuza kazi, ikamvua cheo na kumnyima pensheni. Kwa mauaji hakushtakiwa.

Basi upatanisho ukaanza polepole. Mwaka 1905 Kaisari Wilhelm wa Pili alimrudishia cheo. Mwaka 1914 akampa pensheni. Peters alifariki tarehe 10 Septemba 1918, lakini kufa kwake hakukumaliza habari. Mwaka 1934 sura yake iliwekwa kwenye stempu ya posta. Mwaka 1937 Hitler akamsafisha rasmi. Mwaka 1941 ikatolewa filamu ya kumtukuza. Katika safari hiyo yote hatuoni mahali Peters alipotubu, wala hatuoni mtu wa Marangu aliyeulizwa neno. Zakayo alirudisha mara nne kwanza. Huyu alirudishiwa yeye! Kwa maoni yetu, serikali ile haikumsamehe mwenye dhambi, bali ilipatana na fikra zake, na fikra za namna hiyo ndizo zilizowaua mamilioni ya Wayahudi huko Ulaya.

Wako watakaotuambia kwamba pasipo msamaha hakuna amani, na watatutajia Afrika Kusini. Ni kweli, lakini tuangalie utaratibu. Ubaguzi wenyewe uliondolewa katika sheria, haukupewa mkono. Ndipo Tume ya Ukweli chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, iliyoanza kusikiliza watu mwaka 1996, ikawataka walioomba kusamehewa waeleze yote waliyoyafanya. Hata hivyo jamaa ya Steve Biko walikwenda mahakamani kuupinga msamaha ule, nasi hatuwalaumu.

Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda katika vita vya Maji Maji. Mwaka 1905, 1914 na 1937 mambo yalimalizwa Ujerumani, kwa karatasi. Safari hii mgeni alikutana na wajukuu wa Chifu Songea Mbano, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906.