Buster Keaton na kamera ya mbali

Mwisho wa muhula, bumu limekata na hosteli hakuna la kufanya, nilianza kuangalia filamu bubu kwenye simu. Ndipo nikamjua Buster Keaton.

Jamaa alizaliwa mwaka 1895 huko Kansas, Marekani. Wazazi wake walikuwa wasanii wa jukwaani, na tangu mdogo baba yake alikuwa anamrusha huku na huku mbele ya watu ili wacheke. Hapo akajifunza kuanguka, na akajifunza kukausha uso hata ukumbi ukivunjika mbavu.

Aliingia kwenye filamu mwaka 1917, na miaka ya 1920 akawa anaongoza na kuigiza kazi zake mwenyewe. Kwenye tukio la hatari, kamera aliiweka mbali. Unamwona mzima, kofia mpaka viatu, na kila kilichomzunguka, bila picha kukatwakatwa. Alitaka mtazamaji aone mwenyewe kwamba hakuna ujanja.

Katika Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, ukuta wote wa mbele wa nyumba unamwangukia. Anapona kwa sababu amesimama pale pale dirisha la juu, lililo wazi, linapotua. Ukuta ulikuwa wa kweli. Angekosea hatua moja tu, habari yake ingeishia hapo.

Miaka miwili kabla, kwenye The General, aliangusha treni halisi mtoni kutoka kwenye daraja linaloungua. Leo inasifiwa kila kona, lakini wakati ule haikulipa. Mwaka 1928 akasaini na kampuni ya MGM, uhuru wake ukaisha. Pombe ikamshika, ndoa ikavunjika mwaka 1932. Baadaye akawa anawatungia wengine vichekesho. Uzeeni watu walizirudia filamu zake, na mwaka 1960 akapewa Oscar ya heshima. Alifariki mwaka 1966 kwa saratani ya mapafu.

Kwa nini namwandika mimi, mtu wa ualimu? Kwenye mazoezi ya kufundisha, mwenzangu alikuwa ananirekodi ili nijitathmini. Nilimwambia akae karibu, achukue uso wangu na madawati ya mbele, wale wanaonyoosha mikono. Video zilikuwa safi, nikajiona mwalimu kweli kweli. Baada ya kumwangalia Keaton nikamwomba mwenzangu arudi mpaka ukuta wa nyuma, arekodi kipindi kizima bila kukata.

Niliumia. Nusu ya darasa hawakuwa na mimi. Kijana mmoja wa pembeni hakushika kalamu dakika zote 40, nami sikugeuka upande wake hata mara moja. Nilipomfuata, akaniambia ubaoni haoni vizuri. Wiki tatu nzima nilikuwa namfundisha mtu asiyeona ninachoandika!

Nikamhamishia mbele. Wenzangu mnaokwenda mazoezini mwaka huu, rekodini darasa lote, hata kama litawaaibisha.