Ludwig von Benedek na Vita vya 1866: Jemadari Aliyenyamaza

Wanahistoria wanapojadili vita vya mwaka 1866 baina ya Austria na Prusia, swali moja haliishi kurudi: mambo yangalikuwaje lau Austria ingalishinda? Vita hivyo vilidumu kiasi cha majuma saba tu, lakini ndivyo vilivyoamua kwamba Wajerumani wangeunganishwa na Berlin badala ya Vienna, na ndivyo vilivyoipatia Italia jimbo la Venezia. Dola ya Ujerumani iliyoundwa mwaka 1871 ndiyo iliyotoa, tarehe 27 Februari 1885, hati ya ulinzi juu ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Kwa hiyo swali hilo si la Ulaya peke yake. Majibu yake mengi huishia kwa mtu mmoja, naye ni Jemadari Ludwig von Benedek.

Benedek alizaliwa tarehe 14 Julai 1804 katika mji wa Sopron, Hungaria, akiwa mtoto wa tabibu. Wahungaria humwita Lajos, na Wajerumani humwita Ludwig. Majina hayo mawili ya mtu mmoja yatosha kuonyesha hali ya dola aliyoitumikia. Katika jeshi la Austria amri zilitolewa kwa Kijerumani, ilhali askari waliozipokea walikuwa Wacheki, Wapoland, Wakroati, Wahungaria, Waitalia na wengineo, ambao iliwabidi kufafanuliwa mambo kwa lugha za kwao. Benedek alikuwa Mprotestanti katika jeshi lililoongozwa zaidi na makabaila wa Kikatoliki, wala hakutoka katika ukoo mkubwa. Alipanda kwa ushujaa wake. Baada ya kuhitimu chuo cha kijeshi cha Wiener Neustadt mwaka 1822, alijipatia sifa Galicia mwaka 1846, kisha Italia chini ya Radetzky katika miaka ya 1848 na 1849. Siku ya Solferino, tarehe 24 Juni 1859, jeshi la Austria liliposhindwa, yeye aliwazuia Wapiedmont pale San Martino hadi jioni, akaondoka kwa utaratibu. Tangu siku hiyo watu wa Vienna walimwona kuwa ndiye tumaini lao.

Umaarufu huo ndio uliomponza. Vita vilipokaribia, Kaizari Franz Joseph alimpa uongozi wa Jeshi la Kaskazini, ambalo lingepigana na Prusia huko Bohemia, naye binamu wa babaye, Mwanamfalme Albrecht, akapewa Jeshi la Kusini. Benedek alikataa mwanzoni. Alieleza kwamba nyanda za Italia alizijua mti kwa mti, lakini kaskazini alikuwa mgeni. Hatimaye alitii. Albrecht aliwashinda Waitalia pale Custoza tarehe 24 Juni 1866, kwa jeshi ambalo Benedek mwenyewe alikuwa amelilea kwa miaka kadhaa.

Ni kawaida kudai kwamba lau wawili hao wangalibadilishana, historia ya Ulaya ingalikwenda njia nyingine. Dai hilo lahitaji tahadhari. Kwanza, askari wa Prusia walikuwa na bunduki ya sindano, iliyojazwa risasi kwa nyuma na kumwezesha mtu kupiga akiwa amelala chini, ambapo Waaustria walibeba magobore ya kushindilia mdomoni na walifundishwa kukimbilia adui kwa singe. Hata Trautenau, tarehe 27 Juni, ambako Waaustria walishinda, waliouawa na kujeruhiwa upande wao walikuwa wengi kuliko wa upande ulioshindwa. Jambo hilo Albrecht asingaliweza kulibadilisha kwa majuma machache. Pili, na hili husahauliwa mno, tarehe 12 Juni Austria ilikwisha kutia saini mapatano ya siri na Napoleon III kwamba Venezia ingetolewa iwapo Austria ingeshinda huko Ujerumani. Watu wengi walikufa Custoza kwa ajili ya jimbo ambalo lilikuwa limekwisha kuahidiwa.

Nafasi za kweli zilikuwa chache, nazo zilikuwa za saa, si za miezi. Majeshi ya Prusia yaliingia Bohemia yakiwa yametengana, na tarehe 28 Juni, pale Skalitz, Benedek angaliweza kukusanya nguvu zake juu ya jeshi la Mrithi wa Ufalme lililokuwa likitoka katika njia nyembamba za milimani. Hakufanya hivyo. Aliendelea na mpango wake wa awali wa kuelekea magharibi. Tarehe 1 Julai, baada ya kushindwa mfululizo, alimpelekea Kaizari simu ya maandishi akimsihi afanye amani kwa gharama yoyote. Jibu lilikuwa kwamba amani haiwezekani, na likamuuliza kama pigano kubwa limekwisha kutokea. Mtu aliyekwisha kukata tamaa aliulizwa swali lililosomeka kama amri.

Asubuhi ya tarehe 3 Julai, baina ya Sadowa na Königgrätz, kiasi cha watu 240,000 wa Austria na Saksonia walikabili jeshi la Prusia ambalo nusu yake ilikuwa bado njiani. Kwa saa kadhaa mizinga ya Austria iliwazuia Waprusia kabisa. Vikosi viwili vya mkono wa kulia, bila ya idhini ya Benedek, viliacha mahali pake na kuingia msitu wa Swiep, vikateketea humo. Jenerali Mollinary aliomba ruhusa ya kuuzunguka mkono wa kushoto wa adui. Benedek alimkatalia na kuviamuru vikosi virudi. Hapo ndipo wengi huweka lile "lau" lao kubwa. Lakini Mrithi wa Ufalme, aliyekwisha kupata wito kwa mpanda farasi aliyesafiri usiku, alikuwa karibu, na baada ya adhuhuri askari wake waliiteka Chlum, katikati ya safu za Austria. Jioni Austria ilikuwa imepoteza watu wapatao 44,000, zaidi ya 20,000 kati yao wakiwa mateka. Prusia ilipoteza kiasi cha 9,000.

Benedek alifunguliwa uchunguzi wa kijeshi, kisha Kaizari akausimamisha. Mnamo Novemba 1866 Albrecht alimwendea na kumtaka aahidi kwa maandishi kwamba hatajitetea wala kuchapisha lolote. Aliahidi. Tarehe 8 Desemba gazeti la serikali, Wiener Zeitung, likatoa makala yaliyomtwika lawama yote. Haikuwa haki, hata kama makosa yake yalikuwa makubwa, maana waliomteua na kumlazimisha walikuwa wakijulikana. Naye hakuvunja ahadi. Aliishi Graz, akaziteketeza nyingi katika karatasi zake, na katika wasia wake alikataa maziko ya heshima za kijeshi. Alifariki tarehe 27 Aprili 1881. Heinrich Friedjung alianza kumtetea katika kitabu chake cha mwaka 1897, na mwaka 1901 akazichapisha barua zilizosalia, nyingi zikiwa zile alizomwandikia mkewe, Julie.