Mama Kevina wa Nsambya: yatima aliyefungua milango kwa kila umri

Ukipewa rufaa ya kwenda Nsambya, hutapata shida ya kufika. Mwendesha boda boda yeyote wa Kampala anakijua kilima hicho, na anaijua Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyo juu yake. Wengi wetu tumepita langoni pake tukiwa na mgonjwa mkononi na wasiwasi moyoni, bila kujiuliza nani aliianzisha. Ni vizuri umjue. Aliyeianzisha pamoja na wenzake alikuwa mgeni katika nchi hii kama wewe, na alikuwa yatima tangu utotoni.

Jina alilopewa na wazazi ni Teresa Kearney. Alizaliwa mwaka 1875 karibu na mji wa Arklow, wilaya ya Wicklow, nchini Ireland. Baba yake alifariki miezi michache kabla ya yeye kuzaliwa. Mama yake alifariki Teresa akiwa na miaka 10. Bibi yake ndiye aliyemlea, naye akafariki msichana huyo akiwa na miaka 17. Akabaki bila mzazi na bila mlezi. Alijifunza kazi ya ualimu msaidizi, akafundisha kwa muda Uingereza, kisha mwaka 1895 akaingia utawani kwa Masista Wafransisko wa Mill Hill, London. Huko ndiko alikopewa jina la Sista Mary Kevin.

Safari ya kuja Kampala

Ili uelewe kwa nini aliletwa Uganda, kumbuka hali ya Buganda ya wakati ule. Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana vita pale Mengo. Mapadri Wakatoliki waliotangulia walikuwa Wafaransa, na watu waliwaita Wakatoliki Wafransa na Waprotestanti Waingereza, kana kwamba dini na taifa ni kitu kimoja. Roma ikaona ni busara kuleta pia mapadri Wakatoliki kutoka Uingereza. Hao ndio mapadri wa Mill Hill, waliofika mwaka 1895 wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon. Kabaka Mwanga akawapa kilima cha Nsambya.

Askofu Hanlon aliomba masista wa kuwahudumia wanawake na watoto. Desemba 1902 masista sita waliondoka London, Sista Kevin akiwa mmoja wao. Walisafiri kwa meli hadi Mombasa, kwa treni hadi Kisumu, kisha wakavuka Ziwa Victoria. Walifika Nsambya Januari 1903.

Walikuta watu katika msiba mkubwa. Malale ilikuwa ikiua kandokando ya ziwa. Kwa makadirio, ugonjwa huo uliua zaidi ya watu laki mbili katika miaka ya mwanzo ya karne ile. Ndui nayo ilikuwapo. Masista hawakuwa na jengo la hospitali, hivyo walianza kutibu watu chini ya mwembe. Mwaka 1906 walifungua kituo kingine Nagalama, umbali wa maili 23 kutoka Nsambya. Mwaka 1910 mkuu wao wa kwanza aliondoka Uganda kwa sababu ya ugonjwa, na Sista Kevin akachukua uongozi. Watu wakaanza kumwita Mama Kevina.

Wapagazi wa vita

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki, majeshi ya Waingereza yaliwachukua wanaume wengi kuwa wapagazi. Walibeba chakula na risasi kwa miguu, mamia ya maili, kwenda kupigana na Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hawakuwa askari, lakini walikufa kwa wingi, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Nsambya ikageuzwa hospitali ya wapagazi hao. Mama Kevina alichukizwa na jinsi walivyotendewa. Mwaka 1918 serikali ya Uingereza ilimpa nishani kwa kazi hiyo.

Kama umewahi kubeba mzigo wa vita usivyovianzisha, utaelewa maana ya mtu kukupokea bila kukuuliza ulikuwa upande gani.

Mlango wa kuzaliwa

Baada ya vita, jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa vifo vya akina mama na watoto wachanga. Hapo alikutana na kizuizi kilichotoka ndani ya Kanisa lake mwenyewe. Sheria za wakati ule hazikuwaruhusu masista kuzalisha. Sista aliweza kumfunga mgonjwa kidonda na kumlisha, lakini mama akishikwa na uchungu sheria ilimtaka sista akae pembeni.

Mama Kevina alitafuta njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kumpata mtu asiyefungwa na sheria hiyo. Daktari Evelyn Connolly, mwanamke ambaye hakuwa mtawa, alikuja Nsambya na kuanzisha shule ya wauguzi na wakunga. Wasichana wa Uganda wakafundishwa kuzalisha, na hawakuhitaji kusubiri ruhusa kutoka Roma. Njia ya pili ilikuwa kuendelea kudai sheria ibadilishwe, pamoja na wengine waliokuwa wakidai hivyo sehemu mbalimbali za dunia. Mwaka 1936 Roma ilibadilisha msimamo na kuwaruhusu masista wa misioni kufanya kazi ya ukunga.

Angalia mpangilio huo. Hakusubiri ruhusa ndipo aanze, na hakuacha kudai ruhusa kwa sababu alikuwa amepata njia nyingine.

Milango mingine

Mtoto aliyezaliwa salama anahitaji shule. Masista walifungua shule tangu miaka ya mwanzo, na mwaka 1942 Mama Kevina alianzisha shule ya sekondari ya wasichana ya Mount St Mary's, Namagunga, kwenye barabara ya Jinja. Wakati huo wazazi wengi waliona masomo ya juu ni ya wavulana tu. Leo Namagunga ni kati ya shule za wasichana zinazojulikana zaidi Uganda.

Wenye ukoma walikuwa wakifukuzwa vijijini. Katika miaka ya 1930 vituo vya kuwatibu vilianzishwa Nyenga, karibu na Jinja, na Buluba, katika Busoga. Kule Nkokonjeru, mashariki ya Kampala, yakaanzishwa makao ya Providence Home kwa ajili ya wazee wasio na wa kuwatunza na watu wenye ulemavu.

Ukiziweka kazi hizi pamoja utaona zinafuata maisha ya binadamu hatua kwa hatua: mama anajifungua, mtoto anasoma, kijana anapata kazi ya uuguzi au ualimu, mgonjwa anatibiwa, mzee anatunzwa. Teresa alipoteza mzazi au mlezi katika hatua tatu za maisha yake. Alijua kwamba mtu hapotei mara moja tu. Anaweza kupona utotoni akapotea ujanani, au akafika uzeeni bila mtu wa kumpikia uji.

Kuwaachia wenyeji kazi

Uamuzi wake mkubwa kuliko yote ulikuwa wa mwaka 1923. Mwaka huo alianzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, akianza na wasichana wanane tu. Katika Uganda ya wakoloni, si Wazungu wengi walioamini kwamba wanawake Waafrika wangeweza kuendesha hospitali, shule na nyumba ya kitawa. Familia nazo zilisita kumtoa binti asiolewe. Wasichana wale wanane walikubali. Leo shirika lao linafanya kazi Uganda, Kenya na Tanzania, na linaongozwa na Waafrika wenyewe.

Hili ni jambo la kufikiria kwa sisi tunaoishi na kufanya kazi katika makazi ya wakimbizi. Miradi mingi huja na bango na huondoka na bango. Kazi ya Mama Kevina imebaki kwa sababu mapema kabisa aliwafundisha watu wa hapa kuifanya. Hivyo unapopewa nafasi ya mafunzo ya uuguzi, ualimu au kazi ya afya ya jamii, usiione ni karatasi ya cheti tu. Siku shirika litakapofunga ofisi, utakayekuwa bado unajua kumsaidia mama aliyeshikwa na uchungu usiku ni wewe.

Mwisho wake

Mwaka 1952 masista wake waliokuwa wakifanya kazi Afrika walitengwa na wale wa Mill Hill wakawa shirika kamili, Masista Wafransisko Wamisionari kwa Afrika, naye akawa mkuu wao wa kwanza. Mwaka 1955, akiwa na miaka 80, alistaafu uongozi, lakini hakupewa kiti cha kupumzikia. Alitumwa Boston, Marekani, kutafuta fedha kwa ajili ya kazi za Afrika. Alifariki huko Oktoba 1957.

Alizikwa kwanza Ireland, nchi aliyozaliwa. Wakatoliki wa Uganda hawakuridhika. Waliomba mwili wake urudishwe, na Desemba mwaka huohuo ukaletwa kwa ndege na kuzikwa Nkokonjeru, kati ya masista aliowaanzisha. Mwaka 2016 Jimbo la Lugazi lilifungua rasmi uchunguzi wa kumtangaza mwenyeheri.

Nsambya haikusimama alipoondoka yeye. Ukimwi ulipoenea miaka ya 1980, hospitali ilianza kuwafuata wagonjwa nyumbani kwao, hata wale waliokuwa karibu kufa. Leo ni hospitali kubwa ya Kanisa, na ni vizuri ujue kwamba huduma zake nyingi hulipiwa. Kabla ya kwenda, uliza kituo chako cha afya kuhusu rufaa na nani atalipa, ili usikwame langoni ukiwa na mgonjwa.

Ukifika, tazama wauguzi wanaopita kwenye varanda na mavazi yao meupe. Kazi wanayoifanya ilianza kufundishwa kwenye kilima hicho karibu miaka mia moja iliyopita, kwa wasichana ambao majina yao wengi wetu hatuyajui. Mama Kevina ana kaburi lake Nkokonjeru. Wao, kazi yao utaiona wodini.