Duke Kahanamoku na Ufuo wa Waikiki

Duke Paoa Kahanamoku alizaliwa mjini Honolulu tarehe 24 Agosti 1890, Hawaii ikiwa ingali ufalme. Jina la Duke halikuwa cheo. Alilirithi kwa babaye, aliyepewa kwa heshima ya mwanamfalme wa Uingereza aliyevizuru visiwa hivyo mwaka 1869. Hakuwa ametimiza miaka mitatu Malkia Liliuokalani alipopinduliwa, na kunako mwaka 1898 Marekani ikaitwaa nchi.

Alikulia Kalia, pembezoni mwa Waikiki, katika ardhi ya ukoo wa mamaye. Waikiki ya wakati huo ilikuwa bonde la majimaji, lenye mashamba ya nduma, mpunga na mabwawa ya samaki. Mwaka 1901 Hoteli ya Moana ikafunguliwa ufuoni. Wageni waliofika kwa meli walihitaji wa kuwafundisha kuendesha ngalawa na kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, na vijana wa Kihawaii, Duke miongoni mwao, wakaifanya kazi hiyo.

Agosti 1911 aliogelea yadi 100 bandarini Honolulu na kuivunja rekodi ya dunia kwa zaidi ya sekunde nne. Wakuu wa mchezo huko Marekani bara hawakusadiki, wakaikataa. Mwaka uliofuata akatwaa dhahabu ya mita 100 mjini Stockholm, akaitwaa tena Antwerp mwaka 1920. Paris mwaka 1924, akikaribia miaka 34, alishindwa na Johnny Weissmuller pekee. Baina ya michezo hiyo aliwaonyesha watu wa California na Australia ustadi wa ubao. Hakuna tangazo lililoinadi Hawaii kuliko umbo lake juu ya wimbi.

Walionufaika ni wengine. Mfereji wa Ala Wai uliyakausha mabwawa ya Waikiki katika miaka ya 1920, na mwaka 1927 kampuni ya meli ya Matson ikafungua Royal Hawaiian, hoteli ya rangi ya waridi. Duke, ambaye kanuni za wanamichezo wa ridhaa zilimzuia kuchuma kwa kuogelea, aliwahi kuuza petroli kituoni. Tangu 1934 alichaguliwa mara kwa mara kuwa sherifu wa Honolulu, cheo ambacho aghalabu kilimaanisha kuwalaki wageni mashuhuri.

Katikati ya miaka ya 1950 tajiri Henry Kaiser alijenga hoteli kubwa papo hapo Kalia, na ndege za jeti zilipoanza kutua mwaka 1959, idadi ya watalii ilifurika. Duke alifariki tarehe 22 Januari 1968, na majivu yake yakatawanywa baharini mbele ya Waikiki. Sanamu yake ilisimamishwa ufuoni mwaka 1990 ikiyapa mawimbi mgongo, na wachezaji wa ubao wakalalamika: yeye katu asingeipa bahari kisogo.