Maria Montessori: daktari ambaye jina lake liko kwenye mageti ya chekechea

Kila Januari inapokaribia, jumbe zinazoingia studioni kwetu hubadilika. Wazazi huanza kuuliza habari za chekechea. Jirani kampeleka mwanawe kwenye shule iliyoandikwa Montessori getini, ada iko juu kuliko ile ya mtaani; je, kuna tofauti ya kweli, au tunalipia rangi za ukutani? Tumeona njia nyepesi ya kulijibu swali hili ni kumtafuta mwenye jina. Montessori si kampuni ya shule. Alikuwa mtu, mwanamke wa Kiitaliano, na karibu kila kitu kinachoonekana katika darasa lake kina kisa chake.

Maria Montessori alizaliwa Agosti 31, 1870 katika mji wa Chiaravalle nchini Italia, mtoto pekee wa Alessandro, mtumishi wa serikali, na Renilde, mama aliyependa vitabu katika zama ambazo wasichana wengi hawakusomeshwa. Akiwa bado mdogo familia ilihamia Roma. Shule alizosoma ni zile ambazo wengi wetu tunazijua: madawati kwa mistari, mwalimu mbele, darasa zima likikariri jambo moja kwa wakati mmoja. Alipofika miaka 13 aliingia shule ya ufundi, mahali pa wavulana, akitaka kuwa mhandisi. Baadaye akageukia udaktari. Baba yake hakufurahi, mama alimuunga mkono.

Alihitimu Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896. Mara nyingi husemwa kuwa ndiye mwanamke wa kwanza kuwa daktari Italia. Si kweli, walikuwapo wachache waliomtangulia, lakini alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa. Kwa kuwa ilionekana aibu mwanamke kusimama mbele ya maiti akiwa pamoja na wanaume, mazoezi ya kupasua maiti aliyafanya peke yake, wenzake wakishaondoka.

Kazi ilimpeleka kwenye hospitali za wagonjwa wa akili, na huko aliwakuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa, hawana hata kitu cha kuchezea mikononi. Akasoma maandishi ya madaktari wawili wa Kifaransa, Jean Itard na Édouard Séguin, waliokuwa wamejaribu kuwafundisha watoto wa aina hiyo kwa kutumia mikono na macho kabla ya maneno. Mwaka 1900 ilifunguliwa shule mjini Roma ya kuandaa walimu wa watoto hao, yeye na daktari mwenzake Giuseppe Montesano wakiwa wakurugenzi. Baadhi ya watoto wale walifanya mitihani ya shule za kawaida wakafaulu. Watu walishangilia. Yeye alishikwa na mashaka: kama hawa wamefaulu, basi wale wasio na ulemavu wanafanyiwa nini huko shuleni hata wakalingana nao?

Kuna jambo la nyumbani ambalo wasifu wake mwingi hulipita haraka. Machi 1898 Maria alizaa mtoto wa kiume, Mario. Baba yake alikuwa Montesano, na hawakuwa wameoana. Kwa mwanamke wa tabaka lake, habari hiyo ingemaliza kazi yake siku hiyo hiyo. Mtoto alipelekwa shamba kulelewa na familia nyingine, mama akawa anamtembelea bila kujitambulisha. Mwaka 1901 Montesano alioa mwanamke mwingine, na Maria akaiacha ile shule waliyoiongoza pamoja. Mario alikuja kuishi na mama yake akiwa na miaka kama 15, baada ya bibi yake kufariki, na kwa miaka mingi alitambulishwa kwa watu kama mpwa. Wapo wanaomcheka kwamba aliufundisha ulimwengu kulea huku wake akilelewa na wengine. Sisi hatuoni la kucheka hapo. Tunaona bei ambayo mwanamke wa wakati ule alitozwa, na baba wa mtoto hakutozwa.

Sasa tuje San Lorenzo, maana hapa ndipo lilipo jibu la wazazi wetu.

San Lorenzo ulikuwa mtaa wa makabwela mjini Roma. Kampuni moja ya nyumba ilikuwa imekarabati majengo ya kupangisha, ikakuta tatizo: wazazi wanakwenda vibaruani alfajiri, watoto wadogo wanabaki wakikimbia kwenye ngazi na kuchafua kuta. Wenye nyumba waliona ni nafuu kuwakusanya watoto chumba kimoja kuliko kupaka rangi upya kila mara. Wakamwita Dk. Montessori awasimamie. Januari 6, 1907 ikafunguliwa Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto, ikiwa na watoto wapatao 50, wengi wa kati ya miaka mitatu na sita. Hapakuwa na ada. Sharti lilikuwa mtoto afike msafi na mama aje kuzungumza na mlezi. Ndiyo, chekechea ambayo leo jina lake linahusishwa na watu wenye magari ilianzia kwa watoto wa vibarua, chini ya nyumba za kupanga.

Mlezi hakuwa mwalimu wa kusomea. Montessori alimpa vifaa alivyovitengeneza kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, akamwambia awaonyeshe watoto kisha atazame. Wanasesere na vinyago vya michango vilikuwapo pia, na jambo lililomshangaza ni kwamba watoto waliviacha na kuchagua vile vifaa. Siku moja alimwona msichana wa kama miaka mitatu akitoa vipande vya mbao vya mviringo kwenye matundu yake na kuvirudisha, kila kimoja mahali pake. Akaanza kumhesabia. Wenzake walipigwa muziki pembeni yake, akanyanyuliwa pamoja na kiti chake, hakuacha. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akanyamaza, ameridhika kama mtu aliyetoka usingizini. Ndipo inapotoka kanuni ya kutomkatiza mtoto, na ile saa ndefu ya asubuhi isiyo na kengele.

Siku nyingine mlezi alichelewa, na kabati alisahau kulifunga. Alipofika alikuta watoto wameshatoa vifaa wenyewe, kila mmoja na kazi yake. Tangu hapo makabati marefu ya kufuli yalitolewa, zikawekwa rafu fupi zinazofikiwa na mtoto wa miaka mitatu. Meza na viti vikawa vyepesi, mtoto aweze kuvibeba. Na kisa tunachokipenda zaidi: aliwahi kuwafundisha kupenga kamasi kwa kitambaa, taratibu na bila kelele. Walipoona jinsi inavyofanywa walimpigia makofi. Hakuna aliyewahi kuwafundisha. Walikuwa wamezoea kugombezwa tu kwa pua chafu.

Kusoma na kuandika hakukuwa katika mpango wake. Mama zao ndio waliomwomba. Fedha ya kuchonga herufi za mbao haikuwapo, akakata herufi za karatasi ya msasa na kuzibandika kwenye kadi, mtoto apitishe kidole huku akitamka sauti yake. Miezi michache baadaye watoto wa miaka minne na mitano walianza kuandika maneno kwa chaki. Tutaje hapa jambo ambalo wazazi hulisahau. Kiitaliano, kama Kiswahili, huandikwa kinavyotamkwa. A, e, i, o, u zao ni zetu. Herufi za msasa zilifanya kazi haraka San Lorenzo kwa sababu lugha yenyewe ilikuwa tayari imefungua mlango. Mtoto wa Kiswahili anayeanza na herufi za Kiingereza hana wepesi huo, awe kwenye chekechea ya aina gani.

Umaarufu ulikuja kwa kasi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1909 na kutafsiriwa kwa lugha nyingi. Mwishoni mwa 1913 aliingia Marekani na kujaza ukumbi wa Carnegie Hall jijini New York. Mwaka 1915 darasa lake lilionyeshwa ndani ya kuta za vioo kwenye maonyesho ya San Francisco. Lakini wakosoaji nao walikuwapo. Profesa William Heard Kilpatrick alichapisha kitabu mwaka 1914 akisema vifaa vile vinambana mtoto, kwamba michezo ya kuigiza na ushirikiano wa kikundi vinapewa nafasi ndogo. Montessori kweli hakuthamini sana hadithi za kubuni kwa watoto wadogo. Kwa maoni yetu hapa chekechea ya kawaida yenye mwalimu mzuri, nyimbo zake, ngano za sungura na michezo ya kina mama na kina baba, ina kitu ambacho darasa lake lilikipunja.

Kosa jingine lilikuwa la kutaka kushika kila kitu mwenyewe. Alisisitiza kuwa mafunzo ya walimu yatoke kwake, na Marekani ikamchoka. Hata hivyo jina halikushikika. Mwaka 1967 chombo cha Marekani cha mashauri ya alama za biashara kiliamua kwamba Montessori ni neno la kueleza aina ya elimu, si mali ya chama kimoja. Kwa hiyo ubao wa getini hauthibitishi kitu. Mzazi aingie ndani atazame: je, watoto wa umri tofauti wamechanganywa? Rafu ziko chini? Vifaa vinaguswa au vimepangwa kwa ajili ya wageni? Mwalimu amesomea wapi? Hapa Tanzania vyuo vya kufundisha walimu wa njia hii vipo, baadhi vikiwa vya watawa wa Kikatoliki, kwa hiyo swali hilo lina jibu. Ukikuta mistari ya madawati na watoto wa miaka minne wakinakili ubaoni, umelipia jina.

Siasa nazo zilimkuta. Mwaka 1924 Mussolini alizikumbatia shule zake, naye akakubali msaada huo, jambo ambalo wengi hawakumsamehe. Ilipodhihirika kuwa mafashisti wanataka watoto wa kutii amri, wakatengana, na mwaka 1934 shule zake Italia zikafungwa. Manazi walizifunga za Ujerumani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamtoa Uhispania mwaka 1936, akakimbilia Uholanzi.

Mwaka 1939 alikwenda Madras, India, kwa mwaliko wa Jumuiya ya Theosofia, akiwa na Mario. Italia ilipoingia vitani mwaka uliofuata, Waingereza walimweka Mario kizuizini kama raia wa adui. Alipotimiza miaka 70 walimrudishia mwanawe, na inaelezwa kwamba taarifa rasmi ilimtaja kama mtoto wake. Walibaki India hadi 1946 wakifundisha walimu zaidi ya 1,000.

Alipendekezwa mara tatu kwa Tuzo ya Nobel ya Amani, hakuipata. Mei 6, 1952, akiwa Noordwijk nchini Uholanzi, alikuwa akizungumza na Mario juu ya mwaliko wa kwenda kufundisha Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Mwanawe aliona afya yake haiwezi safari hiyo. Yeye alitaka kwenda. Alifariki siku hiyo, akiwa na miaka 81, akazikwa hapo hapo Noordwijk.