Alexander Mackay, Mzungu wa Kazi

Ukiuliza Kanisa la Kianglikana la huku magharibi mwa Kenya lilitokea wapi, wengi watakutajia Maseno, 1906. Ni kweli. Lakini mwanzilishi wa Maseno, J. J. Willis, alikuja kutoka Uganda, na makanisa yetu yalibaki chini ya Dayosisi ya Uganda hadi 1921. Babu zetu waliojifunza nyimbo za kwanza walizipata kutoka kanisa lililokuwa limekwisha kumwaga damu. Ndiyo sababu, katika kitabu hiki cha jubilei, tumeona vema kumsimulia mtu mmoja aliyeishi ndani ya siku zile za damu, akila, akilala, akifanya kazi, asijue kesho itakuwaje.

Alexander Murdoch Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland, mtoto wa mchungaji. Mama yake alifariki 1865 akamwachia Biblia na kumsihi aisome. Baba alitamani kijana awe mchungaji, lakini kijana alipenda mashine. Akasomea uhandisi mjini Edinburgh, kisha mwaka 1873 akaenda Berlin, akaajiriwa kuchora michoro katika kiwanda. Alikuwa na ujira mzuri na maisha yamemnyookea.

Novemba 1875 gazeti moja la London lilichapa barua ya Stanley, msafiri maarufu, aliyekuwa ameonana na Kabaka Mutesa wa Buganda. Barua ilisema mfalme huyo yuko tayari kupokea walimu wa Injili, na hasa watu wa vitendo wanaojua ufundi. Shirika la misheni la CMS likaitikia, na Mackay akajitoa. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Waliagwa wanaume wanane, na Mackay ndiye aliyekuwa mdogo wao. Wakati wa kuaga aliwaambia wakuu wa shirika jambo ambalo si kawaida kulisikia katika sherehe: kwamba kabla ya miezi sita huenda wakasikia mmoja wao amekufa, na siku hiyo wasivunjike moyo bali wamtume mwingine mara moja. Walisafiri Aprili 1876. Agosti, James Robertson akafia Zanzibar. Mwaka uliofuata Dakta John Smith alikufa kwa homa kusini mwa Ziwa, na Desemba 1877 Shergold Smith na O'Neill wakauawa katika kisiwa cha Ukerewe. Wengine walirudi kwao kwa ugonjwa. Mackay mwenyewe aliugua njiani akarudishwa pwani, na alipopata nafuu alipewa kazi ya kukata barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, zaidi ya maili 200 za miiba, mito na matope. Aliifanya mwaka 1877, akiwa na mashoka, misumeno na vibarua wa pwani. Hapo ndipo Kiswahili kilipomwingia vizuri.

Alifika Buganda Novemba 1878. Ni lazima tukumbuke kwamba hakujua Kiluganda. Injili ya kwanza aliyoifundisha pale aliifundisha kwa Kiswahili, akitumia vitabu vilivyotafsiriwa na Askofu Steere kule Zanzibar. Mutesa na watu wa jumba lake walikijua Kiswahili kwa sababu ya wafanyabiashara wa pwani, waliotangulia kufika na walioleta Uislamu kabla ya Wakristo. Siku za Jumapili Mackay alisoma na kueleza mbele ya baraza, na mara nyingine Kabaka mwenyewe alifasiri kwa Kiluganda. Sisi tunaoimba leo kwa Kiswahili tusidhani ni lugha ya juzi katika ibada za bara.

Lakini siku ya kawaida ya Mackay haikuwa ya mahubiri. Alikaa Natete, karibu na mji wa Kabaka, na palipokucha alikuwa karakanani. Alikuwa na kiriba cha kuvuvia moto, fuawe, mashine ya kukereza na jiwe la kunolea lenye gurudumu. Watu walikuja kutazama gurudumu lile likizunguka. Wakuu walimletea bunduki zilizovunjika azitengeneze. Alichimba kisima na kukifungia pampu, na waliozoea kuteka maji bondeni walishangaa kuona maji yanapanda juu. Chakula alikinunua kwa kauri na vitambaa, na vitambaa vilipokwisha alisubiri msafara kutoka pwani, ambao ungeweza kuchelewa kwa miezi. Barua za nyumbani nazo zilikuja hivyo hivyo. Alizoea kusoma habari za baba yake zikiwa zimekwisha kupitwa na wakati.

Watu wakampa jina la Mzungu wa Kazi, kwa Kiswahili hicho hicho.

Katikati ya nyundo na misumeno walikuwapo vijana. Wengi walikuwa watumishi wa jumba la Kabaka, na walitaka kusoma. Vitabu vilikuwa vichache mno. Mackay alikuwa na mashine ndogo ya kuchapa lakini herufi hazikutosha, basi akakaa kuchonga herufi kwa mkono, akachapa karatasi za kujifunzia kusoma. Vijana walizigombania. Wengine walisoma wakiwa wamesimama nyuma ya fundi, huku yeye akipiga chuma na kuwasahihisha bila kugeuka. Neno la Kiluganda la msomaji, yaani omusomi, likawa ndilo jina la Mkristo.

Tusimpake mafuta. Mackay alikuwa mkali. Mapadre wa Kikatoliki walipofika 1879, alibishana nao mbele ya Mutesa hata baraza likachanganyikiwa kuhusu Wazungu hawa wenye Biblia moja na maneno mawili. Alibishana na Waislamu pia. Mwishoni mwa 1879 alipoipinga waziwazi ibada ya mizimu ya Ziwa, wakuu waliamua kuzikataa dini zote za kigeni, na kwa muda watu wakakatazwa kwenda kusoma. Nadhani angekuwa mpole zaidi, miaka ile ya kwanza ingekuwa rahisi zaidi kwake na kwa wanafunzi wake. Lakini hakufunga karakana, na wasomaji walirudi mmoja mmoja.

Mwaka 1882 mama yake Mutesa, Namasole Muganzirwazza, alifariki. Kabaka akataka azikwe kama wafalme wa Ulaya, na Mackay akaitwa kutengeneza majeneza: si moja, bali matatu, moja ndani ya jingine, la nje kubwa kama nyumba ndogo. Alifanya kazi hiyo kwa karibu mwezi mzima akiwa na mafundi wa Kabaka, kwa mbao, shaba na vitambaa visivyohesabika. Alilalamika moyoni kwa mali iliyozikwa ardhini, lakini aliifanya. Mwaka huo huo, tarehe 18 Machi, watu watano wa kwanza walibatizwa katika misheni yake.

Mutesa alifariki Oktoba 1884. Mwanawe Mwanga, kijana wa miaka 18 hivi, akatawazwa, na hapo siku zikabadilika. Mfalme mpya alisikia habari za Wajerumani kuteka nchi huku pwani, na wakuu wakamwambia kwamba wasomaji ni watu wa Wazungu, si wake. Mwisho wa Januari 1885, Mackay na mwenzake Robert Ashe walikuwa njiani kwenda Ziwani pamoja na vijana wa misheni. Askari wakawazuia, wakawarudisha kwa mitutu ya bunduki na kuwakamata vijana. Mackay alikwenda kwa Katikiro kuwaombea akafukuzwa. Tarehe 31 Januari, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama walikatwa mikono na kuchomwa moto Busega. Lugalama alikuwa bado mtoto, aliyetekwa vitani na kisha kukombolewa. Inasimuliwa kwamba waliimba ndani ya moto wimbo wa sifa waliofundishwa katika misheni, nao ulikuwa wa Kiswahili. Kila mwanakwaya angefaa kulijua jambo hilo.

Oktoba ya mwaka huo, Askofu James Hannington alikuwa akija Buganda kwa njia mpya. Alitoka Rabai Julai, akapita nchi ya Wamaasai, akafika kwa Mumias, akaendelea mpaka Busoga. Hakujua kwamba Waganda waliuogopa upande huo wa mashariki kama mlango wa maadui. Mackay alipata habari kutoka kwa vijana wa jumba kwamba amri ya kumuua imetoka. Walikwenda kwa Mwanga, wakakataliwa kumwona. Padre Lourdel, Mkatoliki ambaye Mackay alibishana naye miaka yote, alikwenda naye kumsihi mfalme. Haikufaa kitu. Askofu aliuawa tarehe 29 Oktoba. Joseph Mukasa, kiongozi wa Wakatoliki katika jumba, alimkemea Kabaka kwa kosa hilo, naye akauawa Novemba.

Waliishije siku hizo? Waliishi kwa kusubiri. Wageni walikuja usiku, wakabisha kwa siri, wakaomba kubatizwa kabla hawajakamatwa. Mackay aliwafundisha kwa taa, akawaaga gizani. Mchana aliendelea na tafsiri ya Injili ya Mathayo kwa Kiluganda na kuchapa kurasa. Mateso makubwa yalipokuja Mei na Juni 1886, na wasomaji, Wakatoliki na Waanglikana, wakateketezwa pamoja Namugongo tarehe 3 Juni, aliandika barua kwa waliojificha, akaichapa kwa mashine ile ile na kuisambaza kwa siri. Aliwasihi wasimkane Bwana, na wasiache kukutana hata ikiwa ni usiku. Hebu fikiria mtu anayesimama kupanga herufi moja moja, tena kinyumenyume, akijua kila atakayekutwa na karatasi hiyo anaweza kuuawa.

Aliomba ruhusa ya kuondoka. Mwanga alimruhusu Ashe, Agosti 1886, lakini Mackay akamkatalia. Fundi hakuachiliwa. Chuma na mbao, vitu ambavyo wengine kule Uingereza waliviona si kazi ya mmishonari, ndivyo vilivyomweka hai. Kwa miezi kumi na mmoja alikaa Mmishonari peke yake wa misheni yake, akifua vyuma kwa ajili ya mfalme aliyewaua wanafunzi wake. Jambo hili wengine hulisoma kama udhaifu. Mimi sioni hivyo: wasomaji waliobaki walikuwa wengi, na asingekuwapo pale wasingekuwa na mtu wa kumbishia mlango usiku.

Julai 1887 aliruhusiwa hatimaye, na nafasi yake ikashikwa na Cyril Gordon. Hakurudi Ulaya. Alivuka Ziwa mpaka Usambiro, upande wa kusini, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akaanza upya: karakana, mashine ya kuchapa, tafsiri ya Injili ya Yohana, na chombo kipya cha Ziwani ambacho mbao zake alizikata mwenyewe. Wakristo wa Buganda waliokimbia vita walimfuata huko. Machi 1888 Askofu Parker, mrithi wa Hannington, alifia hapo hapo. Mwaka 1889 Stanley, yule aliyeandika barua ya kwanza, alipita Usambiro na msafara wake na kupumzika kwa majuma kadhaa. Nafasi ya kurudi nyumbani naye ilikuwapo. Wakuu wa shirika pia walimtaka apumzike. Alijibu kwamba huu si wakati wa mtu kuacha zamu yake, watume kwanza watu wa kuongeza nguvu. Miaka 14 ilipita bila likizo hata moja. Hakuoa.

Mwanzoni mwa Februari 1890 alishikwa na homa. Kwa siku chache akapoteza fahamu, na tarehe 8 Februari, Jumamosi, akafariki akiwa na miaka 40. Aliyekuwa naye ni David Deekes, naye mwenyewe akiwa mgonjwa. Fundi aliyemtengenezea Namasole majeneza matatu hakuwa na jeneza lake. Mafundi walichukua mbao alizokuwa amezikata kwa ajili ya chombo chake wakamuundia moja.

Jumapili alasiri wakamzika kando ya Askofu Parker. Mifupa yake ilihamishwa baadaye, mwaka 1927, ikalazwa Namirembe. Lakini siku ile Usambiro hapakuwa na kanisa kuu wala kinanda. Walisimama kaburini Deekes, vijana wa misheni na Wakristo wa Buganda waliokuwa uhamishoni. Ukaimbwa wimbo mmoja wa kumtukuza Yesu, Deekes kwa Kiingereza, na Waganda wimbo huo huo kwa Kiluganda.