Mary Mallon: Mpishi Aliyefungwa Bila Kuugua

Mary Mallon alizaliwa mwaka 1869 huko Cookstown, kaskazini mwa Ireland, akahamia Marekani angali kijana. Alianza kwa utumishi wa nyumbani, na ustadi wake wa mapishi ukampandisha hadi akawa mpishi wa matajiri wa New York.

Majira ya joto ya mwaka 1906, watu 6 kati ya 11 katika nyumba moja huko Oyster Bay waliugua homa ya matumbo. Mtaalamu wa afya, George Soper, alichunguza maji na vyakula asipate jawabu. Hatimaye alimfikiria mpishi aliyekuwa ameshaondoka. Alipofuatilia ajira zake za awali, alibaini kwamba ugonjwa ulikuwa umemwandama nyumba hadi nyumba. Moto wa chungu huua vijidudu. Lakini Mary alisifika pia kwa aiskrimu yenye matunda mabichi.

Naye hakuwa mgonjwa. Mnamo 1907, Soper alipomtaka atoe kinyesi na mkojo ili vipimwe, alimtimua kwa uma wa jikoni. (Masimulizi hayo ni ya Soper.) Daktari Josephine Baker alifika na polisi, akachukuliwa kwa nguvu. Vipimo vilionyesha vijidudu, akatengwa katika kisiwa cha North Brother. Madaktari walipendekeza akatwe kifuko cha nyongo. Alikataa, na upasuaji wa enzi hizo ungeweza kumuua.

Mwaka 1909 alikwenda mahakamani. Hakuwa ametenda kosa lolote wala kuhukumiwa. Hata hivyo ombi lake lilikataliwa. Aliachiliwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena. Akawa dobi, kazi yenye ujira duni mno kuliko upishi.

Mnamo 1915, homa ilizuka katika hospitali ya akina mama ya Sloane: watu 25 waliugua, 2 wakafa. Mpishi wao, aliyejiita Mary Brown, alikuwa ni yeye.

Hapa ndipo mwandishi wa makala haya anapokwama. Kifungo cha kwanza hakiteteeki. Cha pili ni vigumu kukilaani, kwa kuwa safari hii alikwisha kuonywa, na waliolishwa walikuwa wazazi na wauguzi. Lakini je, waliomkataza kupika walimpa riziki gani badala yake? Isitoshe, mamia ya wabebaji wengine walijulikana jijini humo, wengine wakivunja masharti hayo hayo, na hawakufungwa maisha. Mary alikuwa mwanamke, mhamiaji, mtumishi asiye na mume wa kumsemea.

Alirejeshwa kisiwani. Miaka ya baadaye alifanya kazi katika maabara ya hospitali ya huko, akapooza mwaka 1932, na kufariki tarehe 11 Novemba 1938, baada ya kutengwa kwa jumla ya miaka ipatayo 26. Alizikwa Bronx.